Bosi anasema feni itamaliza moshi wa sigara. Je, ni kweli?

BARUA

Ndugu washauri,

Poleni na majukumu. Mimi ni msimamizi wa wahudumu kwenye mgahawa wenye baa upande wa Kirumba, hapa Mwanza, kiwanja kinachopakana na ziwa. Ukumbi una meza kumi na mbili, na baraza linalotazama ziwa lina meza sita. Madirisha yote ya ukumbi yanafungukia barazani, na barazani ndipo wavutaji wanapokaa. Usiku mbu wakizidi wanaingia ndani na sigara zao mkononi, hakuna anayewazuia. Ijumaa na Jumamosi kuna shisha pia. Kijana wetu mmoja huwasha mkaa wake kwenye kona ya jikoni, na kila wikendi anamaliza shifti akilalamika kichwa kinamgonga na anasikia kichefuchefu.

Mhudumu mmoja ana ujauzito wa miezi mitano. Mwingine ana pumu, na siku hizi dawa yake ya kupuliza anaitumia karibu kila shifti. Mimi sijawahi kuvuta sigara, lakini nina kikohozi kinachoingia wiki ya tatu.

Bosi wetu ni mzee mwelewa. Nilipomweleza alinisikiliza, akasema atageuza stoo iwe chumba cha wavutaji, afunge AC na feni ya kutoa hewa ukutani. Stoo ina mita tano kwa nne, kwenda juu mita tatu, na mlango wake uko kwenye korido ya jikoni. Jikoni kuna feni kubwa ya kuvuta moshi juu ya jiko. Ila mzee aliongeza: "Mbona moshi wa nyama choma hamuulalamikii?" Nikakosa jibu.

Je, chumba hicho kitatusaidia? Na kama hakitoshi, nimwambieje mzee bila kuonekana namfundisha kazi? Kazi tunazihitaji.

Msimamizi, Kirumba

JIBU

Dada yetu, pole wewe na wenzako.

Kabla ya feni kuna kikohozi chako, maana hicho hakisubiri uamuzi wa bosi. Kikohozi kikifika wiki mbili, hatua ya kwanza ni kupima kifua kikuu, hata kama una uhakika kwamba chanzo ni moshi. Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali ya serikali iliyo karibu, toa makohozi yapimwe. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya umma. Ukionekana huna, mweleze daktari kazi unayofanya na saa unazokaa kwenye moshi, ili asiishie kukuandikia dawa ya kikohozi ukarudi mezani kama ulivyokuja. Utapimwa kwa ajili yako na kwa ajili ya wenzako pia: kama ni kifua kikuu, ukumbi uliofungwa madirisha ndiyo mahali kinapoenea.

Mwenye pumu naye asivumilie. Mtu anayehitaji dawa ya kupuliza ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa, na huenda anahitaji dawa ya kuzuia ya kila siku ambayo hajaandikiwa. Amuulize daktari juu ya kile kifaa kidogo cha plastiki cha kupima nguvu ya pumzi. Anasimama, anavuta pumzi hadi mwisho, anapuliza kwa nguvu mara moja. Anarudia mara tatu na kuandika namba kubwa. Afanye hivyo anapoamka, kabla ya shifti, baada ya shifti na kabla ya kulala, kwa wiki mbili au zaidi, siku za mapumziko zikiwemo. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu, na mtaitumia mkizungumza na mzee.

Mjamzito ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na una nikotini inayovuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mama anayevuta moshi wa wengine yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto, na inamtaka ampe kazi nyingine inayofaa, inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua ya mwanzo. Miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku, yaani baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wewe ndiye unayepanga zamu, kwa hiyo hili unaweza kulianza wiki hii: mpeleke shifti ya asubuhi, oda za kufungasha, au hesabu za stoo. Usimweke kaunta ikiwa kaunta iko ukumbini, kwa sababu huko atakaa palepale kwenye moshi bila hata kupata nafasi ya kutoka.

Sasa tuje kwenye chumba. Mita tano kwa nne kwa tatu ni mita za ujazo 60. Tuseme mzee ananunua feni inayotoa mita za ujazo 300 kwa saa, na feni hiyo inafanya kazi kama boksi linavyosema, haijazibwa na vumbi wala wavu wa mbu. Ina maana hewa ya chumba inabadilishwa mara tano kwa saa, yaani kila dakika 12. Wengi wanadhani baada ya dakika 12 moshi umekwisha. Haiendi hivyo, kwa sababu hewa safi inayoingia inachanganyika na chafu iliyomo, na feni inatoa huo mchanganyiko. Dakika 12 za kwanza zinaondoa kama asilimia 63 ya moshi. Kuondoa asilimia 99 kunahitaji dakika 55 hivi, tena kwa sharti kwamba hakuna mtu mwingine atakayewasha. Jumamosi usiku, wavutaji sita wakipokezana, sharti hilo halitatimia hata mara moja.

AC nayo haihusiki kabisa na tatizo hili. AC ya kawaida ya ukutani haileti hewa ya nje. Inavuta hewa ya chumbani, inaipoza na kuirudisha. Kichujio chake kinanasa vumbi na nyuzi, lakini chembe nyingi za moshi wa sigara hazifiki maikromita moja, zinapita. Gesi ndiyo haizuiliki kabisa. Ubaya unaongezeka kwa sababu AC ikiwashwa madirisha yanafungwa. Harufu ikipungua watu wanaamini hewa imesafika, kumbe pua imezoea tu. Manukato ya kupuliza, mishumaa na maua havisaidii lolote hapa, na barakoa ya kitambaa haimsaidii mhudumu.

Lakini kosa kubwa la mpango huu liko kwenye mlango wa korido. Feni ya jikoni, inapotoa hewa, ni lazima hewa nyingine iingie kuijaza nafasi hiyo, na hewa hiyo inavutwa kutoka popote penye upenyo. Ikiwa feni ya jikoni ina nguvu kuliko ya stoo, kila mlango unapofunguliwa moshi wa wavutaji utavutwa kuelekea jikoni, kwa wapishi na kwenye chakula. Mnaweza kulipima kabla mzee hajatoa hata shilingi. Siku mgahawa umefungwa, washeni feni ya jikoni, acheni mlango wa stoo wazi kama upana wa kiganja, kisha shikeni kijiti cha udi kinachofuka moshi kwenye upenyo huo. Pimeni karibu na sakafu, usawa wa kiuno, halafu juu ya kichwa. Angalieni moshi unalalia upande gani. Rudieni feni ikiwa imezimwa. Mwombeni mzee aje aone mwenyewe, maana kuona kwake kutatosha kuliko maneno yenu.

Na hata moshi ungebaki ndani ya chumba, nani atapeleka bia? Mhudumu ataingia humo mara nyingi kila usiku, kwenye chumba kidogo chenye moshi mzito kuliko ukumbi wa sasa. Mteja asiyevuta atakuwa amepona, mfanyakazi atakuwa ameongezewa. Chama cha ASHRAE cha Marekani, ambacho wahandisi wake kazi yao ni kubuni mifumo hiyohiyo ya hewa na viyoyozi, kilitamka mwaka 2005 kwamba njia pekee ya kuondoa hatari ya moshi wa tumbaku ndani ya jengo ni kutovuta humo. Kwa hiyo jibu letu kwa swali lako la kwanza ni hapana, na mzee asitumie hela yake kwa jambo hili.

Kinachofaa ni wavutaji kutoka nje, ila nje penyewe pachaguliwe. Hapa kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria upepo una tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja mjini. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unageuka kuelekea ziwani. Baraza lenu linatazama ziwa, madirisha yanafungukia hapo. Mchana kutwa, moshi wa barazani unasukumwa ndani ya ukumbi. Mkihamishia wavutaji nyuma ya jengo, upande wa barabara, mtapona mchana, halafu usiku, saa ambazo watu wanavuta zaidi, moshi utawarudia kwa mlango wa nyuma. Tafuteni ubavuni mwa jengo, kwenye ukuta usio na dirisha. Upepo ukija kutoka upande wowote kati ya hizo mbili unapitisha moshi pembeni. Pimeni kwa kijiti kilekile cha udi saa nane mchana, saa moja jioni na saa nne usiku, siku mbili tatu, kwa sababu miti na kuta za majirani hupindisha upepo.

Umbali uwe mita kumi au zaidi kutoka mlango, dirisha, jiko na meza yoyote. Moshi wa mvutaji mmoja mahali pa wazi hupungua haraka ukivuka mita mbili, lakini kundi la watu likiwa upande unaotoka upepo, moshi wake unafika mbali zaidi. Pasiwe chini ya makuti, maana kipisi kimoja cha sigara kinatosha kuteketeza banda zima. Wekeni ndoo ya bati au chuma ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu hadi nusu, na benchi moja. Meza msiweke. Chakula, vinywaji na huduma visifike hapo kabisa: mteja anakwenda, anavuta, anarudi kwenye bia yake. Sharti hilo ndilo linalomtoa mhudumu kwenye moshi, na ndilo watakalojaribu kulivunja kwanza. Asubuhi mimina maji kwenye ndoo kabla ya kuimwaga, vaa glavu, na vipisi viende kwenye taka. Kichungi cha sigara ni aina ya plastiki, hakiozi upesi, na mvua ikinyesha vilivyotupwa chini vyote vinaishia ziwani.

Wahudumu wafundishwe maneno. Mteja hapendi kufukuzwa, anapenda kuelekezwa. "Samahani mkuu, humu ndani hatuvuti siku hizi, tumewatengenezea sehemu pale pembeni. Bia yako naifunika, hakuna atakayeigusa." Halafu kweli aifunike kwa kisahani, na kiti chake kilindwe. Kwa mtu mzima, shikamoo itangulie. Visahani vya majivu viondolewe mezani vyote, kwa sababu mteja akikiona anajua ameruhusiwa. Kuhusu mbu, ambao ndio wanaowaingiza wavutaji ndani, funga nyavu madirishani na feni za barazani zipulize usawa wa miguu. Mbu hupata shida kuruka kwenye upepo wa feni.

Shisha tunaitenga kwa sababu ina hatari ya haraka. Dalili za kijana wenu, kichwa kugonga na kichefuchefu baada ya kuwasha mkaa kwenye kona ya jikoni, zinafanana na za sumu ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina harufu wala rangi. Mkaa usiwashwe tena ndani, kuanzia leo, wala asivute bomba ili kuikoleza kwa niaba ya mteja. Akisikia kizunguzungu, atolewe nje mara moja. Akianguka au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali apewe oksijeni, na mseme wazi kwamba alikuwa kwenye moshi wa mkaa, kwa sababu kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni husomeka vizuri hata damu ikiwa imejaa gesi hiyo. Mzee naye akumbushwe kwamba serikali ilitangaza marufuku ya shisha mwaka 2016. Hapa hakuna cha kutengewa eneo.

Sasa lile swali lililokunyima jibu, la nyama choma. Mzee ana hoja, na mkubalieni. Moshi wa mkaa na mafuta yanayodondokea makaa unaumiza mapafu, na kijana wa jiko anaumia kuliko ninyi nyote. Mjibu hivi: "Ni kweli mzee, na ule pia tunaomba tuupunguze." Jiko la nyama lihamie ubavu huohuo usio na madirisha, lakini mbali na wavutaji, likiwa na paa la bati lililo wazi pande zote. Mkaa uwe mkavu, na usiwekewe nyama mpaka moshi wa kuwashia uishe na makaa yaive. Mafuta mengi yakatwe kabla. Mchomaji asimame upande unaotoka upepo, na apokezwe katikati ya shifti. Tofauti ni kwamba moshi wa jiko mnaweza kuuweka mahali pamoja, wa sigara unakaa meza moja na mhudumu.

Namna ya kumwendea: usianze na sheria. Mwombe nafasi asubuhi, kabla ya wateja, uende na mwenzako mmoja, na mwombe jaribio la wiki nne badala ya uamuzi wa kudumu. Anzeni Jumatatu hadi Alhamisi kwa wiki mbili, kisha siku zote. Mauzo ya kila siku yaandikwe na kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Hofu yake itakuwa wateja kuhama. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipitia tafiti nyingi mwaka 2009 na kuona kwamba sheria za kutovuta ndani hazikupunguza biashara ya migahawa na baa. Majirani zetu wa ziwa wameshazoea: Kenya ina sheria yake tangu 2007, na ya Uganda ya 2015 inataka mvutaji akae mita 50 kutoka maeneo ya umma, kwa hiyo mgeni wa Kisumu au Entebbe hatashangaa akioneshwa sehemu ya nje.

Na mzee ajue faida haichelewi. California ilipoondoa uvutaji kwenye baa Januari 1998, watafiti waliwafuatilia wahudumu 53 wa kaunta za baa za San Francisco, wakiwemo waliokuwa wanavuta wenyewe. Kabla ya hapo 39 walikuwa na dalili za kifua kama kukohoa na kukoroma kwa pumzi. Wiki chache baadaye, 23 kati ya hao 39 hawakuwa na dalili hata moja.

Akikataa kabisa, ndipo sheria iingie. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inazuia uvutaji kwenye maeneo kadhaa ya umma, ila kwa masikitiko yetu inaacha mwanya wa maeneo yaliyotengwa. Iliyo na nguvu kwenu ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka huohuo, inayomtaka mwajiri alinde afya ya waliomo kazini. Ombeni ushauri na ukaguzi kwa OSHA, yaani Wakala wa serikali wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Kanda ya Ziwa, hapahapa Mwanza. Tangu leo fungua daftari: tarehe, saa, nani alipata dalili gani, wavutaji walikaa wapi, mlimweleza nani. Ombi lenu liwe la maandishi, nakala ibaki kwako. Mmoja wenu akiachishwa kazi kwa sababu hii, malalamiko yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, hata kama mwajiri bado anawaambia rudini Jumatatu tuzungumze.